Nauli ya Milembe

Bariadi, Jumatatu, 5 Juni 1995

Meza nimeiweka. Ni ile ile niliyoandikia uzito wa pamba miaka kumi na minne, kabla Chama cha Ushirika hakijatupunguza kazi kwa barua ya mistari mitatu. Walipouza vitu chakavu niliinunua, mguu wake mmoja mfupi nikautegeshea jiwe. Iko barazani mwa ghala, hatua thelathini kutoka mlango wa ofisi, ili mtu akifukuzwa huko asichoke kunifikia.

Biashara yangu ni hii. Kila kilo ya pamba ilikatwa senti kadhaa kwa ajili ya Mfuko wa Nauli. Mwanachama, mwenzi wake au mtoto wake akipewa rufaa ya kwenda hospitali Mwanza, anajilipia basi, halafu akirudi anadai nauli yake. Na dai likishakubaliwa, safari zote zilizobaki za rufaa hiyo hulipwa mapema. Jambo zuri kabisa, ila limefichwa katika fomu ya kurasa nne ambayo hata mimi niliyekaa ndani nilikuwa naisoma mara mbili. Wakulima wengi wamekatwa senti hizo maisha yao yote bila kudai hata safari moja. Sasa watadai. Mimi nitaandika.

Athanasi, afisa wa Mfuko, alipita akaniuliza nani kaniruhusu kukaa hapa. Nikamwambia si mmesema soko huria? Na mimi ni mfanyabiashara binafsi.

Alhamisi, 8 Juni

Vumbi tu. Mteja mmoja, malipo mayai mawili, moja viza.

Jumatatu, 12 Juni

Mzee Salu, mlinzi wa ghala, ameniletea kigoda. Nilishtuka. Mwaka 1989, nikiwa karani wa madai, alidai nauli ya mkewe, nikamkatalia, kwa sababu tiketi ilikuwa imefuliwa ndani ya kaptula na namba haisomeki. Niliiinua kwenye mwanga mbele ya watu, nikasema, "Mzee, hii si tiketi, hii ni uji." Watu walicheka. Aliuza dume la kulimia kuirudisha ile nauli alikoikopa.

Leo nimemuuliza kwa nini ananitunza. Akasema, "Nilitaka nikuone upande huu wa meza."

Nimekikalia kigoda mpaka jioni, na ni kigumu.

Ijumaa, 16 Juni

Thomasi, tarishi wa ofisi, kaleta barua. Tumekula wote pilau ya Krismasi ya ofisi mara kumi na nne, lakini alisimama wima akauliza, "Benedikta Luhaga ni nani?" Ndio utaratibu: mwenye jina akubali jina lake, atie sahihi daftarini, ndipo barua ihesabike imefika. Nikasema ndiye mimi, nikatia sahihi. Natakiwa kuondoa meza ndani ya siku saba, kwa kuwa ghala limekodishwa kwa mnunuzi binafsi.

Barua nimeifungia karanga alizonilipa mteja wa mchana.

Jumanne, 27 Juni

Leo amekuja Anna, mke wa Dastan Maige wa Nkololo. Dastan yuko machimboni tangu mwaka juzi, na habari zake ni za kusikia tu. Anna alikuja na binti yake wa miaka tisa, shavu la kushoto limejaa kama anayetafuna muwa asioutema. Kumbe hapo ni nafuu. Kabla ya sindano mbili za Mwanza, anasema, jicho lilikuwa limefunikwa kabisa.

Daktari ameandika sindano sita, moja kila wiki tatu. Ya tatu ni tarehe 10 Julai. "Kaniambia nisiruke," Anna alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nikiruka uvimbe unarudi, mayu. Na ukirudi unaweza usisikie dawa tena."

Sindano ni bure. Basi si bure. Safari ya kwanza ilimaliza mbuzi, ya pili ikamaliza pamba, aliyomuuzia mnunuzi wa kwanza aliyefika na fedha mkononi. Nauli hana, na tiketi zote nne anazo, kazifunga kwenye pindo la kanga, safi kabisa. Nilitaka kumbusu kwa ajili ya tiketi hizo.

Mtoto alikuwa anahesabu malori ya pamba barabarani. Nikamuuliza jina. "Milembe." Vyeti vya Mwanza vinasema Milembe. Nikaandika Milembe Dastan Maige kwa mwandiko wangu wa Jumapili, nikapeleka fomu mwenyewe. Dai safi kuliko hili sijawahi kuliona.

Jumatatu, 3 Julai

Athanasi katoka nje na fomu mkono mmoja na daftari kubwa la wanachama mkono mwingine. "Dastan Maige ana mtoto mmoja tu humu, naye anaitwa Veronica. Huyu Milembe ni wa nani?"

Nikatazama mstari. Veronica, kazaliwa 1986. Mwandiko ni wangu. Maisha yangu yote nimeupenda mwandiko wangu; leo nilitamani kuutafuna.

Jumanne, 4 Julai

Anna kaja, kaeleza. Nitaandika alivyosema, maana nimekasirika na nataka kesho nione kama nilikuwa na haki.

Uvimbe ulipoanza, babake Dastan, Mzee Maige, alienda kwa mganga kuaguliwa. Akaambiwa kwamba mamake mzazi, marehemu Milembe, anataka jina lake. Basi mtoto akavishwa shanga, akapewa jina la bibi mkuu, na jina la zamani likaachwa njia panda pamoja na ugonjwa wake. Tangu siku hiyo hakuna anayelitaja. Ndiyo maana hospitali Anna alisema Milembe. Angesemaje tena?

"Kwa hiyo uvimbe ulipungua kwa jina au kwa sindano?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kwa vyote viwili, mayu. Sasa unataka niondoe kipi ili nijaribu?"

Athanasi anataka kitu kimoja tu: mzazi atamke kiapo kwa sauti mbele yake, kwamba Veronica na Milembe ni mtu mmoja, kisha aweke dole gumba. Mstari mmoja! Nikauandika hapo hapo. Anna alirudi nyuma kama nimemtolea nyoka.

"Nikiyaweka majina yote mawili kinywani pamoja, nimeuita ugonjwa. Nimeuonyesha nyumba."

Nikamwambia anamuua mtoto kwa ushenzi. Nililisema neno hilo hilo. Alimbeba Milembe mgongoni, binti wa miaka tisa, miguu inaning'inia, akaondoka.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya misa nimepanda lori tupu la pamba hadi Nkololo. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima.

Mzee Maige nimemkuta zizini anamtia ndama dawa ya macho. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, baba." Tukishaamkiana, akanisubirisha mpaka amemaliza jicho la pili. Halafu akanipa maziwa ya mgando, akanisikiliza hotuba yote bila kukatiza, akauliza:

"Mwaka ule uliomkatalia Salu, mke wake alikuwa ameumwa au hakuumwa?"

"Aliumwa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini karatasi..."

"Eeh. Nyie watu wa ofisi, herufi moja ikipotea mnasema mtu si yeye. Mtu amesimama mbele yenu, anakohoa, mnamtafuta kwenye daftari. Mnaliamini jina kuliko mwenye jina. Na sisi tunaliamini. Sasa wewe unanicheka nini?"

Nimerudi usiku na mavumbi mpaka masikioni. Nimekasirika zaidi ya nilivyoondoka, kwa sababu ni kweli.

Lakini Anna, nikiwa naaga, nilimwomba radhi kwa lile neno. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja." Hakusema limekwisha.

Jumatatu, 10 Julai

Leo ndiyo siku ya sindano ya tatu. Basi la Mwanza limepita saa moja asubuhi. Milembe hakuwemo.

Jumatano, 12 Julai

Tangazo mlangoni: kwa kuwa wakulima sasa wanauza pamba nje ya Chama na makato hayaingii, Mfuko wa Nauli unafungwa 31 Julai saa tisa alasiri. Madai yatakayokuwa yamekubaliwa yatalipwa yote. Mengine, kwaheri.

Thomasi kaja na barua ya pili. "Benedikta Luhaga ni nani?" Nikasema, Thomasi, jana umeniomba chumvi. Akasema, "Dada, naomba tu uitikie." Nikaitikia. Siku tatu nimepewa sasa, meza iondoke.

Nimeisogeza hatua mbili. Karibu zaidi na mlango wao.

Alhamisi, 13 Julai

Watu kumi na saba. Tangazo lao limenifanyia matangazo. Mkono unauma.

Jumanne, 18 Julai

Nimepeleka fomu ya Milembe bila kiapo, na barua ya kurasa tatu kuhusu utu. Imerudi kabla wino haujakauka. Athanasi: "Kiapo hakipo." Hakuandika chochote kuhusu utu.

Nimejaribu kukopa. Nimeenda kwa paroko, kwa mwenye duka, kwa mnunuzi wa pamba mwenye tumbo. Wa mwisho alisema angesaidia kama si msimu huu. Haki zangu za kupunguzwa kazi wamesema Septemba. Septemba ya mwaka gani, hawajasema.

Ijumaa, 21 Julai

Anna kamleta. Shavu linaanza kung'aa tena, na jicho la kushoto limebaki mstari. Milembe anahesabu malori akiwa amegeuza kichwa, ili atumie jicho la kulia. Kahesabu kumi na moja. Nimesema ni kumi na mbili, akanisahihisha, na alikuwa sahihi.

Nimeenda nyuma ya ghala nikalia. Kisha nikanawa uso nikaandikia watu wengine watano.

Jumatatu, 24 Julai

Leo nimeingia ofisini kwa Athanasi bila kubisha. Nilimwambia kwamba yeye ni kupe, Mfuko ni ng'ombe, na ng'ombe akifa kupe atatafuta wapi pa kuganda. Makarani walisimama kuangalia. Sijuti sehemu ya ng'ombe.

Alifunga mlango. Kwa mara ya kwanza nimeona kwamba shati lake limeshonwa kola upya. "Mama Benedikta," akasema taratibu, "wakaguzi wa kufunga Mfuko wako Shinyanga, wanakuja tarehe mbili. Kila karatasi wataigeuza. Jina na daftari visipolingana, nauli hiyo nalipa mimi, na kesi juu. Wewe ungekuwa kwenye kiti hiki ungeipitisha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamkumbuka Salu na tiketi ya uji.

"Nisingeipitisha," nikasema.

"Basi."

Akanirudishia fomu. Nimetoka bila kuaga.

Jumanne, 25 Julai

Asubuhi hii, nikiikunjua fomu ya Milembe, nimeona pembeni mwa ukurasa wa nne, kwa penseli hafifu sana: *k. 9*.

Si mkono wangu. Mkono wa Anna hauandiki.

Nimefukua kanuni za Mfuko sandukuni. Kifungu cha tisa: pale mzazi asipoweza kuapa, kiapo kinaweza kutolewa na "karani aliyemwandikisha mtegemezi katika daftari la wanachama".

Miaka kumi na minne nimekaa na kanuni hizi, na kifungu hicho sikuwahi kukifungua. Sikuwahi kumtafutia mtu njia ya kuingia; kazi yangu ilikuwa kuhesabu njia za kutokea. Na aliyenionyesha ni yule niliyemwita kupe jana.

Mwandiko ni wangu. Karani ni mimi. Naapa mimi.

Jumamosi, 29 Julai

Nimetuma habari Nkololo: Anna hahitaji kusema neno lolote, aje tu na mtoto Jumatatu.

Jumatatu, 31 Julai

Walikuja saa sita, na Mzee Maige alikuja nao, kavaa koti la suti juu ya shuka. Aliniita pembeni.

"Nimeambiwa utayakutanisha majina wewe."

"Nitayakutanisha."

"Mayu, sikukatazi. Mtoto anaharibika, naona. Lakini nikwambie kabla, usije ukasema sikukwambia. Anayeyakutanisha ndiye mlango. Ugonjwa ukirudi kumtafuta yule wa zamani, utamkuta aliyeita. Utapita kwako."

Mimi ni Mkatoliki. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, ndoa yangu ilifungwa kanisani na mume wangu akazikwa kanisani. Nilimwambia siamini hayo. Akasema, "Ndiyo. Lakini nimekwambia."

Ofisini kulikuwa na watu hadi nje. Athanasi akafungua daftari, akaita mashahidi wawili, Thomasi na mzee Salu. Akaniambia nisome. Nikasema ngoja. Kupitia dirishani nikamwona Anna akivuka barabara na Milembe, wanaenda, wanaenda, mpaka kwenye jiwe kubwa la upande wa pili. Huko akamziba mtoto masikio kwa viganja viwili, akasimama hivyo. Kwenye foleni, walioelewa waliwaeleza wengine kwa macho.

Na mimi nisiyeamini, nilijikuta nimeshika shavu langu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri juu ya taya langu. Nilifikiri, mimi nina miaka arobaini na sita, yule ana tisa. Hesabu hiyo haihitaji imani ya mtu yeyote.

Nikasoma kwa sauti ambayo walio nje waliisikia: "Mimi, Benedikta Luhaga, karani niliyemwandikisha, naapa kwamba Veronica, binti Dastan Maige, na Milembe, binti Dastan Maige, ni mtu mmoja, na ugonjwa wake ni wa kweli, na nauli yake ni haki yake."

"Hayo ya mwisho hayamo katika fomu," Athanasi alisema.

"Yaandike."

Akayaandika. Akapiga mhuri saa nane na dakika ishirini. Safari mbili zimerudishwa, nne zimelipwa mapema.

Saa tisa kamili Thomasi alifunga mlango. Watu wanne walikuwa bado kwenye foleni. Nimeandika majina yao hapa chini, maana sijamalizana na wakubwa wa Chama huko Mwanza: Marcelo Kulwa, Joyness Marcelo, Constantine Ng'wandu, Kulwa Ng'wandu.

Jumanne, 1 Agosti

Basi la saa moja. Milembe alikaa dirishani.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimeamka taya linauma. La kushoto.

Nimekaa kitandani muda mrefu nimelishika. Kisha nikachukua kioo. Ni gego, lile lililotoboka tangu mwaka jana, nalijua, nilikuwa nalisukutua kwa maji ya chumvi. Nimejiambia ni gego. Nimejiambia mara nyingi.

Ijumaa, 4 Agosti

Ni gego. Limeng'olewa zahanati, bila ganzi ya kutosha. Wakaguzi walipita dirishani wakanisikia ninavyolia, wakafikiri ni kwa ajili ya Mfuko.

Jumapili, 6 Agosti

Mzee Maige katembea kutoka Nkololo. Alisikia habari za taya. Nilimwonyesha gego lenyewe, nimeliweka kwenye kisanduku cha kiberiti, akalitazama kwa heshima akanirudishia.

"Labda ni gego," akasema. "Hata hivyo, umejiweka mlangoni kwa ajili ya mtu wetu, na hatuachi mtu wetu mlangoni." Akatoa mfukoni mwa koti uzi wa shanga nyeupe. "Dada yangu aliyenifuata aliitwa Nyanjige. Alikuwa mkali kama wewe. Jina lake halina mtu. Ukilichukua, atakayekuja kumtafuta Benedikta ataambiwa hayupo."

Nilicheka, nikashika shavu kwa maumivu. Kisha nikaona kwamba mzee huyu wa miaka sabini na zaidi katembea siku nzima kwenye vumbi kunipa kitu chenye thamani kuliko vyote alivyonavyo. Ng'ombe, angemtuma tu mtu aniletee. Nikainamisha kichwa. Akanifunga shanga, akanitemea maji kidogo ya baraka kifuani, akaniita Nyanjige mara tatu.

Nimemwambia paroko nitaungama Jumamosi. Nitaungama kulia kwa gego na kumwita mtu kupe. Hili la jina bado silioni ni dhambi.

Jumatatu, 14 Agosti

Wamerudi! Daktari aliwagombeza kwa kuchelewa, lakini uvimbe umesikia dawa. Jicho limefunguka nusu. Milembe kasimama mbele ya meza, kaziba jicho la kulia kwa kiganja, akahesabu malori kwa lile la kushoto. Manne. Nimehesabu na mimi. Yalikuwa manne.

Anna kaniletea kuku. Akaniita Nyanjige bila kuuliza, na safari hii alipokaa kigodani nilijua lile neno limekwisha.

Ijumaa, 18 Agosti

Watu wa Zagayu na Ngulyati wameanza kuja. Mfuko hakuna tena, lakini barua niliyoanza kuwaandikia wale wanne wa foleni imekuwa barua ya watu sitini na mmoja, madole gumba matupu, kurasa nne zimekuwa za zambarau. Inaenda Mwanza kesho kwa basi. Salu ataibeba mwenyewe, na nimemwambia tiketi asiiweke kwenye kaptula.

Saa tano kaja Thomasi, na daftari lake kwapani. Nyuma yake mlangoni alisimama Athanasi, anatazama. Barua ya tatu: niondoke barazani leo hii, au meza itachukuliwa.

Thomasi akasimama wima. Akakohoa.

"Benedikta Luhaga ni nani?"

Milembe alikuwa ukingoni mwa meza, anachezea jiwe la mguu mfupi. Nikaweka kalamu chini. Nikagusa shanga shingoni.

"Hapa," nikasema, "hakuna mtu wa jina hilo."

Thomasi akageuka kumtazama Athanasi. Athanasi akatazama juu, kwenye dari la baraza, muda mrefu, kama mtu anayetafuta popo.

"Basi andika hivyo," akasema. "Hajapatikana."

Thomasi akaandika. Nami nikachukua kalamu nikamwita anayefuata.